Acheke Kabla ya Mionzi

Nianze kwa kukiri, maana nisipokiri mimi mtasimuliwa na wenzangu, na wao wanatia chumvi. Kosa lilikuwa langu. Halikuwa la mashine, wala la daktari, wala la mtoto. Lilikuwa langu mimi, fundi wa vinyago, mwenye miaka ishirini na miwili kazini na mdomo usio na breki.

Kazi yangu ni hii. Mtu mwenye saratani ya kichwa akiletwa kwetu kupigwa mionzi, kichwa chake lazima kikae palepale kila siku, kisisogee hata upana wa punje ya mchele. Mionzi haina macho. Ikielekezwa mahali, inapiga mahali hapo, iwe hapo pamekaa ugonjwa au pamekaa jicho. Kwa hiyo natengeneza kinyago. Nachukua kipande cha plastiki chenye matundu matundu, nakitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto mpaka kilegee, nakivuta juu ya uso wa mgonjwa, na ndani ya dakika nane kinakauka kikiwa na sura yake. Baada ya hapo, kila siku ya matibabu anakivaa na tunakibana mezani kwa vifungo. Watu wazima wanakichukia. Watoto wanakiogopa kuliko sindano, na hapo ndipo ninapojiona bingwa, kwa sababu mimi huwachekesha. Wenzangu wanafanya kazi hii kimya kama wako msibani. Mimi napiga porojo mwanzo mpaka mwisho, na watoto wangu hawalii.

Huyu aliletwa wiki ya tatu baada ya upasuaji. Msichana wa miaka minne na nusu, kichwa kimenyolewa, mshono mrefu kisogoni, na mwendo wa kuyumba kama mlevi, maana uvimbe ulikuwa umekaa kwenye ule ubongo mdogo wa nyuma unaotushikia mizani tusianguke. Daktari wa upasuaji alikuwa ameondoa wote aliouona. Ule asiouona ndio uliokuwa kazi yetu. Mtoto alifika mlangoni, akajishikiza kwenye fremu, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye fundi? Mbona una tumbo?"

"Nina tumbo kwa sababu nakula watoto wanaouliza maswali," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. "Mimi usinile. Nina saratani, utaharisha."

Mama yake alitaka ardhi ipasuke imfiche. Alikuwa mwanamke mrefu, amenyooka, kila kifungo mahali pake, mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari. Ukimwona tu unajikuta unachomekea shati. "Mwombe Fundi msamaha," akasema.

"Samahani, tumbo," akasema mtoto.

Nikampenda palepale, jambo ambalo katika kazi hii tunakatazwa, na tunalifanya kila wiki.

Kabla ya saa sita alikuwa ameshapanga upya chumba cha kusubiria. Nani akae kiti gani, nani amekohoa bila kuziba mdomo, nani arudishe gazeti la watu. Tukampa jina la Mwenyekiti. Mama yake, atake asitake, akawa Mama Mwenyekiti, na baba yake, dereva wa lori aliyewaleta kila asubuhi na kukimbilia kazini, akawa Baba Mwenyekiti wa kupunga mkono kutoka dirishani.

Sasa siku ya kinyago. Nilimlaza, nikavuta plastiki ya moto juu ya uso wake, nikaona vidole vyake vinakaza. Nikaanza kumsimulia siku Mkurugenzi wa hospitali alipokuja kuzindua choo kipya. Utepe umekatwa, makofi yamepigwa, Mkurugenzi akaingia ndani kukijaribu, akafunga mlango, na ufunguo ukavunjikia kwenye kitasa. Nikamwigizia Mkurugenzi anavyoita walinzi kwa sauti ya heshima, kisha bila heshima, kisha anavyopitishiwa chai dirishani. Mtoto alicheka dakika nane zote. Tukamsogeza kwenye mashine ya picha za kupangia matibabu, kinyago kikiwa usoni, nami nikaendelea kupitia maikrofoni, na kule ndani akaendelea kucheka. Nilijisifu wee. Nilipita ofisi kwa ofisi kuwaambia watu kwamba mtoto wa miaka minne amevaa kinyago bila chozi hata moja.

Siku mbili baadaye mashine hiyo ya picha ikaharibika. Tukaambiwa kipuri kinatoka nje, kitafika baada ya wiki tano, na aliyetuambia hivyo ni mtu anayependa kufurahisha watu; miezi miwili baadaye tulikuwa bado tunakingoja.

Siku ya kwanza ya mionzi Mwenyekiti alikuja mpole, nikashangaa. Kumbe mama yake alikuwa amemwonya nyumbani: ukifika ulale, unyamaze, usimjibu Fundi. Akalala. Akanyamaza. Nikambana kinyago, nikatoka, nikafunga mlango mzito, nikaenda kwenye chumba chetu cha skrini. Pale nilimkuta mwanafizikia wetu, mtu mwembamba ambaye alikaa siku tisa akipiga hesabu za mionzi ya mtoto huyu. Tunamwita Milimita, kwa sababu hajawahi kumsamehe mtu hata moja. Kila siku, kabla ya kuwasha mionzi, tunapiga picha ndogo kwa mashine yenyewe ya mionzi na kuilinganisha na ile ya mpango. Zikiachana kwa zaidi ya milimita tatu, haturuhusiwi kuwasha.

"Sita," akasema Milimita. "Na kichwa kimepinda."

Nikaingia, nikamlaza upya. Sita. Nikatia vitambaa pembeni. Saba. Milimita akaja mwenyewe, akakivua kinyago, akakiinua kwenye taa, akakigeuza huku na huku.

"Fundi," akasema, "hiki kinyago kinacheka."

Haki ya Mungu, kilikuwa kinacheka. Mashavu yamepanda, pembe za mdomo zimekwenda juu, macho yamefinywa. Nilikuwa nimeugandisha uso wa mtoto katikati ya kicheko, na mpango mzima wa mionzi ukajengwa juu ya uso huo. Mtoto akitulia, mashavu yanashuka, kinyago kinabaki kinaning'inia, kichwa ndani kinacheza.

Akaitwa Bosi. Huyu ndiye daktari bingwa wa saratani, mwanamke mfupi mwenye koti lenye mifuko iliyojaa kalamu, anayejibu swali lako kabla hujalimaliza na kukusahihisha Kiswahili katikati. Alikitazama kinyago, akanitazama mimi, na sitasema hapa alichoniita. Kisha akamwita Mama Mwenyekiti ndani, akamwambia yote bila kupaka mafuta.

"Mwalimu, fundi wetu amekosea."

"Amekosea nini?"

"Amemchekesha mtoto."

Mama Mwenyekiti alinigeukia polepole. Nimetazamwa na watu wengi waliokasirika, lakini huyu kutazama ndiyo kazi iliyomweka mjini.

"Basi mtengenezeeni kingine," akasema.

"Kinyago kipya kinataka picha mpya na mpango mpya," Bosi akajibu, "na mashine ya picha imekufa. Uvimbe wa namna hii haumsubiri fundi. Leo ni siku ya thelathini na nane tangu apasuliwe. Nikikaa wiki tano nyingine, za kungoja kipuri na kupanga upya, bila kumtibu, sitajisamehe."

"Mlazeni usingizi."

"Daktari wa usingizi tunaye siku moja kwa wiki, na mtoto anahitaji siku tano. Halafu, Mwalimu, aliyelala hacheki."

Kwenye skrini tulimwona Mwenyekiti amekaa juu ya meza ya mashine, anapiga miguu, anangoja wakubwa wamalize upuuzi wao.

"Kwa hiyo?" mama yake akauliza.

"Kwa hiyo itabidi acheke," akasema Bosi. "Mara thelathini. Kila siku ya matibabu, mpaka tumalize." Akafungua faili, akatoa kalamu moja kati ya zile kumi na mbili, akaandika: *Mgonjwa acheke kabla ya mionzi.* Akatia saini, akagonga na muhuri.

Siku hiyo nilirudia hadithi ya choo. Milimita akapiga picha. Moja nukta nne. Tukawasha.

Msidhani ni kucheka dakika ishirini mfululizo. Mionzi inawashwa dakika moja hapa, mbili pale, mashine inazunguka, tunapumzika, tunaanza tena. Mimi nakaa na kidole kwenye kitufe na macho kwenye skrini. Mashavu yakishuka naachia, yakipanda nabonyeza. Kazi ngumu ilikuwa yake. Kicheko kinatikisa mwili, na yeye alitakiwa acheke bila kutikisika. Siku tatu za mwanzo mabega yalimruka. Siku ya nne akawa ameweza: mwili umelala kama gogo, kicheko chote kiko usoni. Sijawahi kuona mtu mzima aliyeweza hilo, na nimejaribu mwenyewe mbele ya kioo, nikashindwa.

Kufika siku ya saba nilikuwa nimeishiwa. Nilimaliza hadithi zangu, nikamaliza za shemeji zangu, nikaanza kuokota za walinzi wa getini. Sauti yake ikawa inakuja kupitia spika, nzito kwa uchovu: "Hiyo umeshasema." Halafu mionzi ikaanza kumtesa. Alitapika asubuhi, akatapika njiani, akatapika kwenye ndoo yangu na kuniambia nisiitupe, nimpelekee Mkurugenzi.

Siku ya tisa hakuna kilichomchekesha. Nusu saa nzima. Milimita, maskini, akachukua maikrofoni akajaribu utani wake wa pekee, ulihusu pembetatu mbili na mstari. Mtoto akauliza kama huyo mjomba naye ni mgonjwa. Bosi akaja, akasimama mlangoni, saa mkononi. Nikaona nirudi ndani nikamrekebishe mto, labda akikaa vizuri atachangamka. Niliingia kwa haraka, na mkono wa mashine ulikuwa umeshushwa. Nikajigonga paji la uso, ngo! Nikaona nyota za mchana.

Mama Mwenyekiti alikuwa ameshika maikrofoni ili ambembeleze mwanawe, na alikuwa ameniona kwenye skrini. Ikamtoka.

"Mpumbavu wewe! Huoni?"

Kisha kutoka ndani ya kile kinyago kikatoka kicheko cha kuvunja mbavu. "Mama katukana! Mama katukana mtu mzima!"

Mama akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Milimita akanipigia kelele nitoke, mlango ukafungwa, akapiga picha. "Moja nukta mbili! Fundi, njoo uwashe!" Nikakimbia na nundu usoni, nikawasha.

Kesho yake Mwenyekiti alilala, akafungiwa kinyago, akatoa amri: "Mama, mtukane Fundi."

"Sitamtukana. Kutukana ni tabia mbaya."

Milimita akapiga picha. Tano. Tukamwangalia mama. Mama akaangalia dari. Alikohoa kidogo, akajiweka sawa kola, akasema, "Fundi, wewe ni mtu usiyekuwa makini."

Hakuna kitu. Bosi akamgusa bega. "Mwalimu, hiyo ni ripoti ya mwisho wa muhula. Mtukane."

Akavuta pumzi. "Fundi, una... una akili za kuku."

Tatu nukta tano.

"Kuku mwenyewe amezimia."

Mbili. Tukawasha.

Ndipo nilipojua yule mama alikuwa amebeba nini kifuani. Miaka kumi na sita alikuwa anawaadhibu watoto wa watu kwa matusi. Kila tusi aliloandikiwa kwenye karatasi, kila alilolinasa ukutani mwa choo cha wavulana, alikuwa nalo kichwani, na alikuwa hajawahi kutumia hata moja. Wiki ya tatu alikuwa anakuja amejiandaa kama anakwenda kufundisha. Aliniita kichwa boga, akaniita juha, akaniita baradhuli aliyekosea njia akaingia hospitali akafikiri ni kazini. Alisema tumbo langu linafika kazini kabla yangu na masikio yangu baada yangu. Alisema siku ya kugawiwa akili nilitangulia kwenye foleni, nikaona imechelewa, nikaenda zangu kunywa chai. Ndani ya kinyago mtoto alikuwa anakufa kwa kicheko bila kutikisa hata kidole, na wagonjwa waliokuwa wanangoja nje walimwomba muuguzi aache mlango wa chumba chetu wazi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akauliza kama huyo mwalimu ana namba ya simu.

Siku ya kumi na saba haikuwa hivyo. Usiku mtoto alikuwa na homa. Vipimo vya damu vilishuka, Bosi akakaa na karatasi muda mrefu kabla ya kuruhusu tuendelee. Nilipomnyanyua Mwenyekiti kumweka mezani nilihisi mifupa ya mgongo kama vifungo vya koti. Nikafunga kinyago, nikarudi chumbani kwetu, nikakuta mama ameshika maikrofoni, kifungo cha juu cha blauzi kiko wazi. Kwa mama yule, hilo lilinitisha.

"Tukana, mama," ikasema spika.

"Wewe Fundi," akaanza, kwa sauti ileile ya kila siku. "Wewe bwege. Wewe uliyeona mwanangu ni jukwaa."

Mtoto akacheka.

"Nilikuletea mtoto aliyepasuliwa kichwa, ukaona leo ndiyo siku ya kuonyesha ulivyo mcheshi. Dakika nane tu ungefunga domo lako. Dakika nane! Usiku namfuta matapishi, asubuhi nakuja hapa nichekeshe. Mimi! Sijui kuchekesha, mimi ni mtu wa kufundisha hesabu na kupiga kengele. Nataka kulia, Fundi. Wiki tatu nataka kulia na umeninyima nafasi. Wazazi wenzangu hapo nje wanalia kama watu, mimi natukana."

"Endelea mama!" spika ikalia kwa furaha.

"Nakuchukia," akasema Mama Mwenyekiti. "Nakuchukia kuliko huu ugonjwa. Ugonjwa hauna akili. Wewe unazo kidogo na hukuzitumia."

"Sifuri nukta nane," Milimita akanong'ona, bila kumtazama mtu.

Nikabonyeza. Nilipaswa kubonyeza. Machozi yalikuwa yanamchuruzika yule mama mpaka kidevuni yakidondokea mezani, na sauti haikubadilika hata kidogo, kwa sababu ingebadilika mtoto angejua. Mashine ikazunguka mara nne, mara zote nne akanipa, na kila neno lilikuwa la kweli. Nilitaka kusema samahani. Nikaogopa mtoto asije akasikia sauti yangu akaacha kucheka. Nikakaa nikapokea, kidole kwenye kitufe. Tulipomaliza alifunga kifungo chake cha juu, akaenda kumchukua mwanawe, hakunitaka radhi. Angenitaka radhi ningejisikia vibaya zaidi.

Baada ya siku ile alirudi kwenye kuku na maboga. Lakini makali yalikuwa yameisha, na mtoto si mjinga. Siku ya ishirini na tano tulipata mbili nukta tisa. Ishirini na nane, mbili nukta tisa tena, kwa taabu.

Siku ya thelathini, ya mwisho, Bosi alikuja na faili kabisa ili aifunge. Milimita alivaa tai, sijui kwa nini. Nikamfunga Mwenyekiti kinyago chake kwa mara ya mwisho, nikamwambia leo tukimaliza nitampa akitundike ukutani. Akaniambia atakitupa chooni, choo kizibe, Mkurugenzi aje.

Maikrofoni ikawashwa. "Fundi," akasema Mama Mwenyekiti, "wewe ni boga lisilo na mbegu."

Tano.

"Boga lililooza."

Tano nukta mbili.

"Mama, acha," spika ikasema. "Umemtukana sana. Namwonea huruma."

Tukaangaliana. Mwezi mzima na nusu nilikuwa natamani mtu mmoja humo ndani anionee huruma, ikaja siku hiyo.

"Mwanangu, ni mchezo tu," mama akasema.

"Leo zamu yake. Na yeye amtukane mama. Ndiyo haki."

"Ishirini na tisa si inatosha?" nikamnong'oneza Milimita.

"Ishirini na tisa si thelathini," akajibu, na tai yake.

Mama akanisogezea maikrofoni. "Nitukane, Fundi."

Jamani, nimtukane vipi mama wa mtoto mgonjwa, tena mwalimu? "Mama Mwenyekiti," nikasema, "wewe ni... chaki."

"Hilo si tusi," spika ikasema.

"Wewe ni kengele mbovu."

"Fundi, umejitahidi," akasema mtoto, kwa sauti ya kunipa pole. Picha ikaonyesha sita. Wakati ukawa unakwenda; kule ndani niliona vidole vyake vimeanza kuchezacheza, dalili kwamba amechoka kulala.

"Nitukane vizuri," Mama Mwenyekiti akasema. Alikuwa amenikazia macho. "Mimi nilikupa ya moyoni siku ile. Unayo yako. Nimeiona usoni mwako wiki nzima. Iseme."

Nilikuwa nayo. Na mdomo wangu, kama nilivyowaambia, hauna breki.

"Wewe ni mwoga," nikasema.

"Mwoga wa nini?"

"Umeniuliza nywele zitaota lini. Umeuliza aoshwe kwa sabuni gani, aanze shule lini, ale nini, alale upande gani. Umeuliza mpaka mashine inatengenezwa nchi gani. Bosi anapita hapa kila siku na swali lile moja hujamuuliza. Akija unajifanya unatafuta kitu kwenye mkoba. Unaniita mimi bwege, na siku thelathini nzima unamkimbia mwanamke mfupi mwenye kalamu."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani kujing'ata ulimi. Mama Mwenyekiti alisimama, mkono mmoja juu ya meza, kisha akageuka, akamtazama Bosi.

"Atapona?" akauliza.

Bosi akafungua mdomo. Nikajua jibu linakuja, refu, lenye asilimia na majina ya dawa za kufuata. Halikuja. Akaufunga. Akaitazama faili, akaitazama skrini, yule mtoto mdogo chini ya mkono mkubwa wa mashine. Akaitoa miwani, na nikagundua sijawahi kumwona bila miwani.

"Wengi wanaougua hivi wanapona," akasema polepole. "Wengine ugonjwa unawarudia. Tumefanya kila tunachokijua. Lakini yeye, huyu wako..." Akasita. "Sijui, Mwalimu. Nakwambia kweli. Sijui."

Maikrofoni ilikuwa wazi muda wote. Hakuna aliyekumbuka kuifunga, na hata tungekumbuka, tulikuwa tumechelewa. Niliona kwenye skrini vidole vimetulia. Mama naye aliona.

Kisha sauti ndogo ikasema, kama mtu aliyeokota kitu asichoamini, "Bosi hajui?"

Mkono wa Milimita ukasogea kwenye kitufe cha picha.

"Bosi hajui!" Na kicheko kikaja, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, si cha choo, si cha kuku, si cha boga. "Mama! Bosi hajui! Mtu mzima! Na kalamu zote zile! Mama, hajuiii!"

Mashavu yakapanda. Yakapanda mpaka yakajaza kila tundu la plastiki.

Bosi alikuwa amesimama na miwani mkononi, anatazama sakafu. Mama Mwenyekiti aliiinamia maikrofoni. Midomo ilikuwa inamtetemeka, akaibana, akaifungua.

"Hajui kabisa, mwanangu," akasema. "Mkubwa mzima, shule zote zile kasoma, hajui kitu. Mcheke."

"Sifuri," akasema Milimita. "Fundi, ni sifuri. Bonyeza."

Nikabonyeza.